Rangi tupu, picha moja, picha za kupokezana au video: ipi ikae nyuma ya aikoni zako?

Ukibofya kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu kwenye skrini ya Windows 11, ukachagua "Personalize" kisha "Background", utakutana na njia nne za kubadili mandhari, yaani kile kinachokaa nyuma ya aikoni: picha moja, rangi tupu, picha zinazopokezana kutoka kwenye folda yako, na Windows Spotlight, ambayo huleta picha kutoka intaneti. Windows 10 inafanana nayo sana. Njia ya tano haimo kwenye orodha hiyo: video inayocheza nyuma ya aikoni, na hiyo inataka programu ya pembeni. Kubadili yoyote kati ya hizo ni kazi ya dakika moja. Kuishi nayo ndiko kunakotofautiana. Ipo inayomfaa mwalimu anayefundisha kwa projekta, ipo inayomfaa mwenye kompyuta ya mezani na umeme wa uhakika, na ipo itakayommalizia mwanafunzi chaji kabla kipindi hakijaisha.

Mimi nazipima kwa maswali matatu. Majina ya mafaili yanasomeka? Inakula nini kati ya betri, bando na memori? Na nani mwingine anaiona skrini hii? Uzuri wa picha nauweka wa nne kwa makusudi. Mandhari inayokuzuia kuliona faili lako itakuchosha ndani ya wiki, hata kama ilikuvutia mno siku ulipoipakua.

Rangi tupu

Ndiyo njia kongwe. Windows 95 ilifunguka kwenye kijani-bluu kilichokoza, na waliojifunzia kompyuta miaka ile bado wanaikumbuka rangi hiyo. Leo wengi huiona rangi tupu kama alama ya mashine duni. Naona inadharauliwa bure.

Mfikirie mhudumu wa steshenari ambaye mafaili ya wateja yametapakaa skrini nzima: barua za maombi ya kazi, vyeti vilivyoskaniwa, picha za pasipoti. Hapo picha yoyote nyuma yake inaongeza vurugu. Kwenye Windows majina ya aikoni huandikwa kwa rangi nyeupe yenye kivuli chembamba, kwa hiyo bluu iliyokoza, kijani cha chupa au kijivu cha giza huyafanya yasomeke hata na aliyesimama upande wa pili wa kaunta. Mwalimu naye anafaidika. Projekta ikiwashwa darasani huku madirisha yako wazi na jua la saa sita linaingia, picha yenye vivuli vingi hufifia ikawa ukungu, na wanafunzi wa viti vya nyuma hawaoni mwalimu amebofya wapi. Rangi moja iliyokoza huvumilia mwanga huo vizuri zaidi.

Wapo pia wanaosaidiwa kwa mbali. Fundi akiingia kwenye kompyuta yako kwa AnyDesk au TeamViewer, kila anachokiona lazima kisafiri kwenye mtandao, na ndiyo maana programu hizo zina mpangilio wa kuificha mandhari ya mashine inayosaidiwa. Ukiwa na rangi tupu, hakuna cha kuficha, na laini dhaifu inapumua.

Je, nyeusi inaokoa betri? Inategemea kioo. Kwenye kioo cha LCD kuna taa ya nyuma inayowaka muda wote. Rangi nyeusi huuziba tu ule mwanga usipite, na umeme unaendelea kuliwa vilevile. Kwenye OLED kila pikseli (nukta ndogo inayounda picha) hujiwakia yenyewe, na penye nyeusi huzimika, kwa hiyo akiba ni ya kweli. Laptopu nyingi za bei ya kawaida ni LCD. Kama yako ni mojawapo, kupunguza mwanga wa skrini kutakusaidia kuliko rangi yoyote utakayochagua. Mwenye OLED ana sababu nyingine ya kupenda mandhari ya giza: picha kali iliyoganda mahali pamoja kwa miezi inaweza kuacha alama kwenye kioo cha aina hiyo.

Picha moja, na ile hofu ya kwamba inaifanya mashine iwe nzito

Watu wengi huikwepa picha kwa kuambiwa kwamba inakula RAM, yaani memori. Tupige hesabu. Skrini ya pikseli 1366 kwa 768, ambayo ndiyo ya laptopu nyingi za zamani kidogo, ina pikseli kama milioni moja na elfu hamsini. Kila pikseli huchukua baiti 4, kwa hiyo picha iliyojaa skrini hiyo ni karibu MB 4.2. Skrini ya 1920 kwa 1080 inahitaji MB 8.3, na ya 3840 kwa 2160 inafika MB 33. Mwenye RAM ya GB 4 na skrini ya 1920 kwa 1080 anatoa chini ya asilimia moja ya memori yake. Tovuti moja iliyofunguliwa kwenye kivinjari kwa kawaida hula mara nyingi zaidi ya hapo. Kompyuta yako ikiwa nzito, tafuta sababu kwenye programu zinazojiwasha zenyewe asubuhi, na picha ya bibi yako uiache ilipo.

Kwa hiyo ushindani wa kweli kati ya rangi tupu na picha uko kwenye kusomeka, na hapo picha yenyewe ndiyo inayoamua.

Itazame ile picha ya Windows XP ya mwaka 2001, kilima cha majani chini ya anga la bluu, ambayo Microsoft waliipa jina la Bliss. Mpigapicha Charles O'Rear aliipiga miaka ya 1990 katika Kaunti ya Sonoma, California. Mamilioni ya watu walifanyia kazi juu yake kwa miaka na haikuwazuia kuona kitu, na sababu zake zinaonekana ukiikagua. Hakuna sura ya mtu. Hakuna maandishi. Juu kuna bluu pana, chini kuna kijani kipana, na mawingu hayana kingo kali. Aikoni ziliketi popote zikaonekana. Ukitafuta picha yako, tafuta yenye tabia hizo, hata kama ni ya mahali pengine kabisa: bahari ya Kilwa ikiwa imetulia, mashamba ya chai ya Mufindi au Kericho, Mlima Kilimanjaro ukiwa mdogo chini na anga kubwa juu yake. Mchanga mweupe wa Paje saa saba mchana ni mzuri kwa macho lakini maandishi meupe yanapotelea humo. Soko lenye watu mia na mabango ni baya zaidi, kwa sababu kila kitu humo kinagombania jicho.

Kitu kingine ambacho wachache hukiangalia ni upande. Windows hupanga aikoni kuanzia juu kushoto. Mac huzianzia kulia. Kwa hiyo mtumiaji wa Windows anahitaji picha iliyotulia upande wa kushoto, na kama kuna mtu au jahazi kwenye picha, likae kulia. Mtumiaji wa Mac afanye kinyume chake.

Halafu kuna ukataji. Picha nyingi za simu, zikipigwa simu ikiwa imelala, ni za uwiano wa 4 kwa 3, kwa mfano pikseli 4000 kwa 3000. Skrini nyingi za kompyuta ni 16 kwa 9. Ukichagua "Fill", Windows inaijaza skrini yote na kukata kinachozidi, na kinachozidi hapo ni robo nzima ya kimo cha picha, juu na chini. Ndiyo maana vichwa vya watu hukatika kwenye picha za harusi. Picha iliyopigwa simu ikiwa imesimama hali yake ni mbaya zaidi: kinachobaki ni kama asilimia 42 tu ya kimo chake. "Fit" haikati kitu, ila inaacha pembeni mapande ya rangi. "Stretch" sikushauri kamwe. Inavuta picha mpaka nyuso za watu zinapanuka. Njia safi ni kuikata mwenyewe kwa uwiano wa 16 kwa 9 kabla ya kuiweka, ukiamua wewe kipi kibaki.

Na picha itoke wapi? Ikiwa ni yako, usiichukue kwenye WhatsApp ilikotumwa kama picha ya kawaida, kwa sababu huko imeshabanwa, na ikitandazwa kwenye skrini kubwa inaonekana kama imepakwa mafuta. Aliyeipiga aitume kama dokumenti, au uihamishe kwa waya. Ikiwa unatafuta ya mtu mwingine, Wikimedia Commons ina picha kubwa za Mji Mkongwe, Lamu, Ngorongoro na kwingineko, zilizowekwa huko kwa ajili ya kutumiwa, na shindano la Wiki Loves Africa limekuwa likiongeza za Afrika tangu 2014. Unsplash na Pexels nazo ni za bure. Popote unapopakua, angalia vipimo kwanza: picha isiwe na pikseli chache kuliko skrini yako.

Kuna kasoro moja ya Windows yenyewe ambayo wapenda picha wanapaswa kuijua. Ukiweka faili la JPEG (lile linaloishia na .jpg) kama mandhari, Windows hutengeneza nakala yake na kuibana hadi ubora wa asilimia 85. Kwenye picha ya majani au mawe huoni tofauti. Kwenye anga la jioni linalohama taratibu kutoka chungwa hadi zambarau, unaweza kuona mistari hafifu ambayo haimo kwenye picha yako. Ikikutokea, ikate picha kwa vipimo kamili vya skrini yako na uihifadhi kama PNG. Mara nyingi hiyo inatosha.

Sasa lile swali la tatu, la nani anaona. Picha ya watoto wako kwenye kompyuta ya nyumbani ni furaha ya kila siku, na sioni sababu ya mtu kukubali picha ya kiwandani wakati ana hiyo. Kompyuta ambayo skrini yake inawaelekea wateja, au ambayo unaishirikisha kwenye mikutano ya video, ni jambo tofauti. Watu usiowajua wanaziona sura za wanao, pengine na sare ya shule yenye nembo. Kwa kompyuta za namna hiyo weka picha ya milima au bahari, au rangi tupu, na watoto wabaki kwenye simu yako.

Zinazobadilika zenyewe: folda yako dhidi ya Spotlight

Hizi mbili hufanya kazi moja kwa namna mbili. Picha za kupokezana, zinazoitwa "Slideshow" kwenye mipangilio, hutoka kwenye folda uliyoichagua, na unaamua zibadilike kila baada ya dakika 1, 10 au 30, saa 1, saa 6, au siku 1. Spotlight huchagua yenyewe na kukuletea, kwa kawaida mpya kila siku, pamoja na aikoni ndogo kwenye skrini ya kukueleza picha ni ya wapi.

Kwa bando, Spotlight si ya kutisha kama inavyosemwa. Picha moja ya ukubwa huo kwa kawaida ni megabaiti chache, wakati sasisho moja la Windows linaweza kula mamia. Anayewasha hotspot ya simu kwa bando la siku atalihisi hata hilo dogo, mwenye Wi-Fi ya mwezi hataliona. Ninachokikosa kwenye Spotlight ni uamuzi. Leo inakupa ziwa tulivu, kesho inakupa theluji nyeupe inayomeza majina ya mafaili yako, na huna la kufanya ila kubonyeza upate nyingine. Hata ile aikoni ya maelezo inawakera wengi kwa kukalia skrini bila kuombwa.

Folda yako mwenyewe inanipendeza zaidi, hasa kwenye kompyuta ya familia. Kila mmoja anatia picha zake, na ukichagua siku 1 kila asubuhi kuna ya mtu mwingine. Usichague dakika 1. Jicho hukimbilia kila kinachobadilika, na utajikuta unapoteza sentensi uliyokuwa unaiandika. Usiielekeze pia kwenye folda kuu ya picha. Humo ndimo wengi wanamohifadhi kitambulisho kilichoskaniwa, risiti za benki na picha za skrini, na vyote hivyo vitajitokeza siku moja mbele ya mgeni. Fungua folda mpya, iite Mandhari, na utie humo ulizozichuja tu. Laptopu ikiwa kwenye betri, Windows husimamisha kupokezana mpaka uiruhusu; iache hivyo hivyo.

Video

Hamu ya mandhari inayotembea si mpya. Windows Vista Ultimate ilikuwa nayo mwaka 2007 kwa jina la DreamScene, kisha ikaondolewa. Leo kazi hiyo inafanywa na Wallpaper Engine, inayouzwa kwenye Steam, duka la michezo ya kompyuta mtandaoni, na Lively Wallpaper, ambayo ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Zinapendeza kweli: mvua inayonyesha nyuma ya aikoni, mawimbi yanayofika na kurudi.

Bei yake iko kwenye kazi inayofanyika ndani. Picha iliyotulia huchorwa mara moja, basi. Video ya fremu 30 kwa sekunde inamaanisha mashine inafungua na kuchora picha 30 kila sekunde, saa zote ambazo skrini inaonekana. Kompyuta ya mezani yenye kadi ya grafiki inayojitegemea hailihisi hilo. Laptopu ndogo inalihisi: feni inaanza kulia, sehemu ya chini inapata joto, na chaji inashuka. Programu zote mbili zinaweza kusimamisha video unapofungua mchezo au filamu ya skrini nzima, na Lively ina mpangilio wa kuisimamisha mashine ikiwa kwenye betri. Kama umeamua kuitumia, washa mipangilio hiyo siku ya kwanza.

Hapa ndipo nina onyo ninalolitilia mkazo kuliko yote. Anayetafuta mandhari za kutembea za bure huishia kwenye kurasa zinazompa faili linaloishia na .exe. Picha haihitaji kusakinishwa. Inaishia na .jpg au .png, na video inaishia na .mp4. Ukipakua mandhari ukaletewa programu, ifute bila kuifungua. Wengi wamepoteza mafaili ya kazi kwa njia hiyo.

Kwa kifupi kabisa kuhusu watumiaji wa Mac: Apple walipita katikati. Tangu toleo la macOS liitwalo Mojave, la mwaka 2018, zipo mandhari zinazobadilika mwanga kufuata saa, alfajiri mpaka usiku, na tangu toleo la Sonoma la 2023 zipo video ambazo hutembea kwenye skrini ya kufungia, kisha hupunguza mwendo na kuganda ukishaingia. Unapata uzuri bila gharama ya muda wote, na ningependa Windows waige. Kwenye Linux unaweza kuchagua mwonekano wa skrini, na GNOME na KDE Plasma ni miwili kati ya hiyo. GNOME tangu toleo la 42 la mwaka 2022 inakuwezesha kuwa na mandhari mbili, ya mwanga na ya giza, zinazofuata mtindo ulioweka. KDE Plasma ina chaguo la picha ya siku, ikiwemo ile ya NASA ya anga za juu. Anayeanza na Ubuntu, mojawapo ya matoleo ya Linux, atashangaa kukuta skrini karibu tupu, haina aikoni nyingi. Huyo anaweza kuweka picha yenye mambo mengi kadiri anavyopenda, kwa kuwa hakuna majina ya kusomwa juu yake.

Ukikuta chaguo limefungwa

Kuna wakati unafungua "Background" na kila kitu kimefifia, hakibofyeki. Sababu mara nyingi ni moja kati ya mbili. Ya kwanza, mashine ni ya ofisi au chuo na msimamizi amefunga. Utaona maandishi kwamba baadhi ya mipangilio inasimamiwa na taasisi. Mwone msimamizi, usihangaike na ujanja. Ya pili, Windows haijaamilishwa, na kona ya chini kulia kuna maneno "Activate Windows". Mara nyingi bado unaweza kuifungua folda yenye picha, ukabofya kitufe cha kulia juu ya picha yenyewe na kuchagua "Set as desktop background". Lakini kama laptopu hiyo uliinunua ukaambiwa Windows yake ni halali, rudi kwa aliyekuuzia ukamwonyeshe maneno hayo.

Mwenye skrini mbili naye ana njia yake. Bofya kitufe cha kulia juu ya picha iliyomo kwenye "Background" na Windows itakuuliza iwekwe kwenye skrini ipi. Ile unayofanyia kazi ipe rangi tupu au picha tulivu, na ya pembeni, ambayo haina aikoni, iwekee ile picha yenye mambo mengi uliyokuwa unaitamani.